Kompyuta ya ngumbaru ilinyamaza, na Mwihoko nzima ikaombwa "kula"

Wakuu wa jukwaa, nawaamkia nyote, wenye nywele zenu na sisi ambao zimeanza kutuaga.

Nimekuwa nikifuata kimyakimya ule mjadala wenu mrefu kuhusu simu na tableti katika elimu ya watu wazima. Upande mmoja unasema mashine itamfukuza mwalimu. Upande wa pili unasema mtu mzima hawezi kuielewa mashine. Nami nimekaa katikati, nikitabasamu peke yangu kama mtu aliyewahi kuumwa na mbwa anayebishaniwa kama ana meno.

Leo naleta ushahidi wangu. Nitakayoyasimulia niliyaona kwa macho yangu na mengine niliyasikia kutoka kwa waliokuwepo. Majina tu ndiyo nimeyabadilisha, maana baadhi ya wahusika wana wajukuu humu ndani, na wajukuu wa Ruiru wana bidii ya kutafuta watu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, mwaka mmoja hivi kabla ya uchaguzi mkuu wa pili wa vyama vingi. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na degree ya hisabati, nakaa kwa dada yangu Makongeni, Thika, na kazi yangu ya kudumu ilikuwa kutarmac: kutembea na bahasha ya kaki ofisi hadi ofisi, mpaka lami ikujue kwa jina.

Wakati huohuo kanisa moja la Ruiru, ambalo lilikuwa na darasa la ngumbaru katika ukumbi wake wa nyuma, lilipewa kompyuta kuukuu na marafiki zake wa mbali.

(Kwa vijana: ngumbaru ni darasa la watu wazima wanaojifunza kusoma na kuandika. Kuna walioona haya kulitaja jina hilo, na kuna waliolibeba kama cheo. Nitawazungumzia hao wa pili.)

Kompyuta ilifika pamoja na printa ya kelele na rundo la karatasi zile zenye matundu pembeni. Hakuna aliyejua ifanyiwe nini. Ikafunikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa pakawekwa maua ya plastiki. Ilikaa hivyo muda mrefu, ikiheshimiwa na watu wote bila kutumika.

Hatimaye mchungaji akasikia kwamba kuna kijana wa Thika aliyesomea mambo ya mashine. Nikaitwa. Nikaondoa maua.

Sasa niwaeleze nilichokifanya, kwa sababu mkasa wote umesimama hapo.

Niliandika programu ndogo. Ndani yake nikaingiza maneno ya Kiswahili, mengi kadiri vidole vyangu vilivyovumilia, pamoja na majina ya wanafunzi. Mwanafunzi akiandika neno ambalo mashine inalo, mashine inanyamaza. Akiandika neno ambalo mashine haina, inalia tiiii. Sentensi ikipita yote bila kelele, printa inaichapa kwa herufi kubwa, na mwanafunzi anaenda nyumbani na karatasi yake. Isipopita, hakuna karatasi.

Siku ya kwanza nilisimama mbele ya darasa, nikaandika sheria ubaoni na kuitangaza: ikilia, umekosea, ikinyamaza, umeandika sawa.

Nilijivunia sana sentensi hiyo. Ilikuwa fupi kama kanuni ya hisabati.

Guka Karanja, yaani Babu Karanja, mzee aliyestaafu kutoka shamba la kahawa, ndiye aliyeipa mashine jina. Kwanza aligoma kabisa kusahihishwa mpaka aambiwe mashine hiyo ni ya rika gani. Nikamwambia ilitengenezwa miaka kama kumi iliyopita. Akasema basi ni mtoto, na mtoto hamkatizi mtu mzima mbele ya watu. Ilibidi niizibe spika kwa kipande cha sponji ili ilie kwa adabu.

Baada ya kuizoea, akasema: "Mwalimu, huyu ni mama mkwe. Ukifanya vizuri hasemi kitu. Ukikosea, mpaka majirani wanajua."

Tangu siku hiyo kompyuta yetu ikaitwa Mama Mkwe. Watu waliingia darasani wakaisalimia kabla ya kunisalimia mimi.

Aliyeisalimia kwa bidii kuliko wote alikuwa Mama Njambi.

Mama Njambi alikuwa na kibanda cha chai na mandazi kule Mwihoko. Wakati huo Mwihoko nyumba za kupangisha zilikuwa zinaota kama uyoga, lakini maji yalikuwa ya mfereji mmoja, yaani bomba, uliofungwa kwa kufuli. Mfereji ulikuwa wa kikundi cha maji cha wakazi, na ufunguo ulikuwa wa mwenyekiti, Mzee Gitau. Mzee Gitau alifungua maji akiamka, na aliamka akishiba usingizi. Kwa mtu anayeuza chai ya alfajiri, hilo lilikuwa janga la kila siku.

Mama Njambi alipomwendea kuuliza kwa nini maji yasifunguliwe mapema, alijibiwa kwamba hiyo ndiyo katiba ya kikundi. Akaomba aonyeshwe mahali ilipoandikwa. Mzee Gitau akamuuliza mbele ya foleni nzima ya mitungi: "Nikikuonyesha, utaiangalia na nini?"

Watu walicheka. Mama Njambi aliniambia kwamba hata yeye alicheka, ili asilie.

Katiba hiyohiyo, kila mtu alijua, ilisema mwenyekiti lazima awe anajua kusoma na kuandika. Ndiyo sababu Mzee Gitau alikuwa amekaa kitini muda wote huo bila mpinzani. Basi Mama Njambi akajifunga leso, akawa anafunga kibanda mapema na kuja Ruiru kwenye ngumbaru. Hakuja kutafuta elimu kwa ajili ya elimu. Alikuja kufuata ufunguo.

Wakuu, wengi wenu mnaijua shida yetu watu wa huku. Kikuyu hakina L ya peke yake, kwa hiyo L na R katika vinywa vyetu huazimana kama majirani wanavyoazimana chumvi. Tunalala tukiwa "tumerara", na lori letu ni "rori". Mdomoni hakuna anayejali. Mama Mkwe alijali.

Mama Njambi aliandika RAMI, tiiii. Akaandika MAREZI, tiiii. Akaandika KURARA, tiiii ndefu, kwa maana alikuwa amesahau kidole juu ya kitufe. Siku moja akaniambia kwa uchungu wa kweli kwamba mashine yangu ina ubaguzi: haipendi R.

Kisha, kama mwanamke wa biashara, akaacha kulalamika na kutafuta njia ya kuishi nayo. Kila alipokuwa na shaka, aliandika L kwanza. Mashine ikilia, akafuta na kuweka R. Ikinyamaza, akaendelea mbele. BALUA, tiiii, basi BARUA. LAMI, kimya, basi mbele.

Nilipoigundua mbinu hiyo nilifurahi mpaka nikamsifu mbele ya darasa. Nikasema hivyo ndivyo wanasayansi wanavyofanya kazi.

Mtu pekee aliyeguna alikuwa Bi Zainabu. Huyu alikuwa mzaliwa wa Majengo, mtaa wa Waswahili, anauza mitumba Ruiru na kupanga chumba Mwihoko. Herufi za Kiarabu alizipata madrasani utotoni. Hizi za Kirumi ndizo zilizomleta kwetu. L na R kwake hazikuwa na mgogoro wowote, na hakukosa kutukumbusha. Aliguna, akasema kwamba mtu akitaka kujua njia huuliza mtu, haulizi ukuta kama umemgonga. Tukamwona ana wivu.

Uchaguzi wa kikundi cha maji ukatangazwa kuwa Jumamosi. Mama Njambi akajitokeza. Mwihoko ilichangamka. Mzee Gitau alisema kwa sauti ya upole, ile sauti inayouma kuliko tusi, kwamba anamkaribisha mshindani wake, mradi katiba iheshimiwe.

Katikati ya juma hilo mimi nilikwenda Nairobi kwenye interview. Ukumbi nikamwachia Guka Karanja, ambaye alijua kuwasha, kuzima na kurudisha kitambaa.

Mama Njambi akaja na wazo lake. Wanasiasa wakubwa walikuwa tayari wameanza kubandika mabango barabarani. Kwa nini yeye asiwe na lake? Tena lichapwe na kompyuta, watu waone.

Guka alinieleza baadaye jinsi ilivyokuwa. Mama Njambi aliandika JUMAMOSI, kimya. NJOONI, kimya. WOTE, kimya. NIPENI, kimya. Kisha akafika kwenye lile neno lenyewe, akasimama, akawaza, na kwa kufuata sayansi niliyoisifu mwenyewe akaweka L kwanza.

KULA.

Mama Mkwe akanyamaza.

Kwa nini isinyamaze? Kula ni neno. Nililiingiza kwa vidole vyangu, pamoja na kunywa na kulala. Kura pia ilikuwemo. Mashine ilijua maneno yote mawili; haikujua tu mama huyu alikuwa anaomba lipi.

Printa ikapiga kelele zake za ushindi. Bango likatoka, likatoka lingine, na lingine, mpaka karatasi ikaisha. Ijumaa Mwihoko nzima, kwenye nguzo, kuta, na mlango wa choo cha soko, ilikuwa inasoma:

JUMAMOSI NJOONI WOTE. NIPENI KULA. MAMA NJAMBI.

Nami nilikuwa nimealikwa niende kushuhudia mwanafunzi wangu akishinda.

Jumamosi nilishuka Mwihoko nimevaa tai ya interview. Bango la kwanza nililiona kwenye nguzo. Nililisoma mara moja, miguu ikasimama yenyewe. Nikalisoma tena kwa matumaini, kama mtu anayekagua tikiti ya bahati nasibu.

Huku kwetu, wakuu, mnajua kwamba kula si chakula peke yake. Mtu akisema anataka cheo ili ale, hamumuulizi kama amepata mboga. Kwa hiyo bango lile lilikuwa na maana mbili, na zote mbili zilikuwa mbaya. Ama mgombea hajui kuandika, na katiba inamkataa. Ama anajua, na ametangaza wizi wake mapema.

Na jinsi Mzee Gitau alivyokuwa amekaa mezani, mikono juu ya tumbo, bango moja limekunjwa mbele yake, nilijua ameshachagua kutumia zote mbili.

Nilianza kumtafuta Mama Njambi nimwonye. Nikakutana na Bi Zainabu, amebeba sufuria kubwa iliyofunikwa kwa kanga, inatoa harufu ya pilau. Nikamwambia kwa haraka kwamba kuna kosa kwenye bango.

"Hakuna kosa," akasema.

Nikamwambia nimeliona kwa macho yangu.

"Mwalimu, mimi nililiona jana mchana. Nimezunguka kwa kila mtu wa ngumbaru anayekaa huku. Nimewaambia, mwenzetu ameandika tulete kula, na sisi siku hizi tunajua kusoma. Tukija mikono mitupu, ni kosa. Tukija na vyakula, ni mwaliko. Sasa toka njiani, hii ni ya moto."

Nikatoka njiani. Nyuma yake alikuja mama mmoja na githeri, mwingine na mukimo, na Guka Karanja na chupa ya uji aliyoishika kama mtoto mchanga. Wakakaa pamoja upande mmoja, vyombo vimefunikwa, nyuso zimetulia kama za watu wa ibada.

Nilipouliza kama Mama Njambi mwenyewe anajua, Bi Zainabu alitikisa kichwa. Alisema angemwambia usiku asingelala, na mtu asiyelala hagombei.

Mkutano ukaanza kwa sala. Kisha Mzee Gitau akasimama. Alisema hana neno baya na mpinzani wake, ila katiba ni katiba. Akakunjua lile bango. Akasema kuna watu hukariri kama kasuku, basi angependa mgombea asome maneno yake mwenyewe mbele ya wanachama.

Mama Njambi akaja mbele amejaa imani. Lilikuwa bango lake. Alikuwa ameota kulisoma hadharani. Akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza.

"Ju-ma-mo-si. Njo-o-ni wo-te. Ni-pe-ni ku..."

Akanyamaza.

Kidole kilikuwa kimesimama juu ya L. Nilimwona akiiona. Uso wake ulipitia mambo mengi kwa muda mfupi sana, na mimi mwenye tai nilitamani ardhi ya Mwihoko inifungulie mlango.

Tafadhalini, hapa mtulie nami kidogo. Kama angekuwa amekariri, angesema neno alilokusudia na kuendelea zake. Katika vinywa vyetu hakuna hata mmoja ambaye angesikia tofauti. Alisimama kwa sababu alikuwa anasoma. Kule kunyamaza kulikuwa cheti chake, na hakuna mtihani ambao ningeweza kumtungia ungelithibitisha hilo vizuri zaidi.

Mzee Gitau hakuliona hilo. Yeye aliona samaki amenasa.

"Endelea, mama. Tukupe nini?"

Mama Njambi akainua macho. Akatazama upande wa wenzake wa ngumbaru, na wakati huohuo Bi Zainabu akavuta kanga kutoka kwenye sufuria. Mvuke ukapanda. Vifuniko vingine vikafuata, kimoja baada ya kingine.

"Kula," akasema Mama Njambi, na safari hii kwa sauti. "Nimeandika kula."

Kicheko kilianza nyuma. Mzee Gitau akageukia watu na kufungua mikono, kana kwamba anawaambia mmesikia wenyewe. Lakini mama wa watu alikuwa bado hajamaliza.

"Bwana Mwenyekiti, wewe umekula hapa miaka yote, na hakuna siku umetuomba. Mimi kabla sijaonja nimeomba ruhusa. Tena kwa maandishi."

Kicheko kikahama upande.

Bi Zainabu akaongeza kutoka pale alipo, bila kuinuka, kwamba watu wa ngumbaru walijifunza kushika kalamu, na leo kalamu imezaa karamu. Mwenye njaa asogee, mwenye katiba aile.

Upigaji kura ulikuwa wa mlolongo, kila mtu asimame nyuma ya mgombea wake. Sitasema chakula hakikusaidia. Upepo ulikuwa unatoka upande wa pilau kwenda upande wa Mzee Gitau, na niliona shemeji yake mwenyewe akinusa, akijitafakari, akihama. Nimejiuliza mara nyingi tangu siku ile kama ule haukuwa ufisadi. Najijibu hivi: katika nchi hii nimeona wagombea wengi wakiwalisha wapiga kura, lakini ile ndiyo siku pekee niliyoona wapiga kura wakimlisha mgombea.

Mlolongo wa Mama Njambi ulizunguka mfereji na kurudi. Ufunguo ukakabidhiwa kabla ya sahani kuoshwa.

Darasa lililofuata, mwenyekiti mpya aliingia na kwa mara ya kwanza hakuisalimia mashine. Akaketi. Akaandika KURA, kimya. Akaandika KULA, kimya. Akanigeukia.

"Mwalimu, huyu hajui tofauti ya tumbo na debe la kura. Na wewe ulituambia akinyamaza tuko sawa."

Nikachukua kitambaa nikaifuta ile sheria yangu ubaoni.

Kilichofuata ndicho kipindi bora nilichowahi kufundisha, ingawa kusema kweli sikukifundisha mimi. Darasa zima lilianza kumtegea Mama Mkwe mitego. Walitafuta maneno ambayo L na R zote hupita lakini maana hugombana. Guka Karanja akaleta mahali na mahari, akaeleza jinsi mtu anavyoweza kuuliza mahali pa kukaa akaletewa mbuzi. Mwingine akaleta kalamu na karamu. Kila mashine iliponyamaza wakati ingepaswa kupiga mayowe, walishangilia. Na katika kutafuta kosa lake, walisoma maneno mengi kuliko nilivyowahi kuwabembeleza wasome.

Kazi ya kwanza ya Mama Njambi kama mwenyekiti ilikuwa tangazo la saa za maji. Safari hii hakuchapisha. Aliandika kwa mkono wake, kwa rangi, kwenye bati. Lakini kabla ya kulitundika alilisimamisha kando ya kibanda chake, na kila aliyekuja kunywa chai aliulizwa swali moja kabla ya kupewa kikombe.

Nami niliulizwa. Nikalitazama lile bati, nikajibu kwa haraka ya mwalimu: ni sawa.

"Sikukuuliza kama ni sawa," akasema, kikombe bado mkononi mwake. "Nimekuuliza umeelewa nini."

Nikamwambia nimeelewa kwamba maji yatafunguliwa alfajiri. Ndipo nikapewa chai.

Wakuu, funzo nililolibeba ni hilo swali lake. Tangu hapo nimefanya kazi na mashine nyingi, zenye akili kuliko ile ya Ruiru, na bado sijakutana na hata moja inayoweza kumkaribia yule mama na kikombe chake. Mtu mzima haogopi kifaa. Mpe kifaa, atakitafutia njia ya mkato kabla hujamaliza kueleza. Kazi ya mwalimu ni kukaa pale pembeni na kuuliza umeelewa nini, hasa wakati mashine imenyamaza na kila mtu ameridhika.

Haya, uwanja ni wenu. Walimu wa ngumbaru mliomo humu, wa zamani na wa tableti, tuambieni mashine zenu zilinyamaza wapi. Na kama kuna mjukuu wa Mzee Gitau anayesoma, namwomba asikasirike. Babu yako alikula pilau ile kama sisi sote, na alirudi kuongeza.